Nyumba ya Juja na Kiunga Chake

Najua wapo wasomaji wa Mombasa, Malindi na Lamu watakaouliza: yatuhusu nini sisi nyumba ya shamba iliyojengwa na Mmarekani huko bara, baina ya Ruiru na Thika, mwendo wa kilomita zaidi ya mia tano kutoka ufukweni? Magofu yetu wenyewe hatujamaliza kuyatunza. Kuna misikiti ya kale ambayo mizizi ya miti imekwisha kuzipasua kuta zake, na kuna majumba ya Mji wa Kale ambayo boriti zake zaoza mvua hata mvua. Basi kwa nini twende kuililia nyumba ya Mzungu?

Swali ni la haki, nami nililibeba kichwani njia nzima nilipopanda bara. Jawabu nililolipata nalitoa mapema, ili msomaji ajue tunakokwenda. Nyumba ya shamba si nyumba peke yake. Ni nyumba pamoja na kiunga chake: mto, mfereji, miti, zizi, kiwanda, vibanda vya wafanyakazi na makaburi. Na katika viunga vya nyumba zile za Thika na Ruiru wamo watu wetu, imo jasho la wenyeji wa bara, na limo jambo ambalo sisi wa pwani tumekwisha kuliona likitupotea machoni petu huko Unguja.

Kwanza tuuweke sawa wakati. Mtu akitafuta huku Thika nyumba ya shamba ya karne ya kumi na tisa, yaani ya mawe au mbao, yenye tarehe na jina la aliyeijenga, hataiona kwa urahisi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na ilifika mahali paitwapo sasa Nairobi mwaka 1899. Kabla ya hapo bati na saruji vingefikaje bara, ila juu ya vichwa vya wapagazi? Karne ya kumi na tisa ya nchi hii ilikuwa ya nyumba za udongo na nyasi za Wakikuyu na Wakamba, na ya malisho ya Wamasai katika tambarare za Athi. Na ilikuwa ya misafara ya pwani. Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani, alizijua njia za bara kabla ya Mzungu kuzijua. Joseph Thomson alifuatana naye mwaka 1883, na Teleki, yule Mhangari, alimchukua kuwa kiongozi wake mwaka 1887, mwaka ambao alipita katika nchi ya Wakikuyu na msururu wa wapagazi wa Unguja na Pangani. Watu hao hawakujenga nyumba huku. Lakini njia walizozikanyaga ndizo zilizofuatwa baadaye na wenye kujenga.

Mmoja wao ndiye William Northrup McMillan. Alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1872, mtoto wa watu wenye mali. Alikuwa mrefu na mnene wa ajabu, hata mpaka leo watu husimulia habari ya mshipi wake. Alianza kwa safari za Uhabeshi na Mto Nili wa Buluu, kisha akaingia nchi hii mnamo mwaka 1904, akapata maelfu ya ekari katika tambarare iliyo baina ya Mto Ruiru na Mto Athi, akaliita shamba lake Juja. Asili ya jina hilo watu huitolea hadithi ya sanamu mbili alizokuja nazo kutoka Afrika ya Magharibi, moja ikiitwa Ju na ya pili Ja, akazizika shambani. Mimi siiapii hadithi hiyo, walakini jina limeshika: leo Juja ni mji, una chuo kikuu, una maduka na magari mengi kuliko wakati.

Nyumba aliyoijenga haikuwa kasri. Ilikuwa nyumba ya chini, ya sakafu moja, imara, yenye veranda pana iliyoizunguka pande zote na mimea iliyotambaa juu yake, na mbele yake bustani ya maua. Habari hizi tunazo kwa mkono wa mgeni mashuhuri. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ndiyo kwanza atoke katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa mwezi wa Aprili mwaka 1909 akiwa na mwanawe Kermit, akapanda reli kwenda kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Mwezi wa Mei alikuwa mgeni wa McMillan pale Juja, na katika kitabu chake cha safari, kilichotoka mwaka 1910, ameitolea Juja mlango mzima.

Sasa kisome kitabu hicho kwa jicho la pwani. Utakuta majina ya Bakari, Ali, na Juma Yohari. Bakari alimchukulia Rais bunduki. Ali alikuwa mtumishi wa hema lake. Juma Yohari, Mswahili na Mwislamu, alikuwa na Kermit. Hao ni watu wa dini yetu na lugha yetu, waliotembea katika kiunga kile cha Juja, wakalala humo, wakaswali humo bila shaka, na kunywa maji ya mto ule. Wajukuu wao huenda wako Mombasa au Bagamoyo leo na hawana habari. Nyumba ya Juja ikitajwa magazetini, hutajwa McMillan na Roosevelt, na siku nyingine hutajwa Churchill, ambaye naye alipita Thika mwaka 1907 akielekea Fort Hall, ndiyo Murang'a ya sasa. Bakari hatajwi.

VERANDA NA BARAZA

Ningependa kusema neno juu ya veranda, kwa kuwa ndilo jambo lililonishughulisha zaidi kuliko kuta na paa. Watu wengi hudhani veranda ya Mzungu wa shamba na baraza yetu ni ndugu. Kwa umbo zafanana: zote mbili ni mahali pa kukaa pasipo ndani wala nje. Lakini tazama zinakoelekea. Baraza yetu yaelekea njiani. Mwenye nyumba huketi hapo ili wapitao wamsalimu naye awasalimu. Mgeni asiyejulikana hukalishwa hapo kabla hajakaribishwa ndani. Kahawa humiminwa hapo, na kashata hutafunwa, na habari za mji hupimwa. Veranda ya shamba haina njia mbele yake. Yaelekea shamba. Mwenye nyumba huketi hapo ili aone: aone nani anafanya kazi na nani amesimama, moto umewaka wapi, ng'ombe wameingia wapi, na nani anakuja kutoka mbali.

Kwa hiyo ukiiondoa ile ardhi iliyo mbele ya veranda, ukaikata viwanja, ukasimamisha maghorofa hatua ishirini kutoka ngazini, veranda hubaki kama jicho lililofumbwa. Mtoto wa shule akiletwa hapo ataambiwa kwamba mtu tajiri aliishi hapa. Hataelewa kwamba mtu mmoja aliweza kuketi kitini na kuona nchi yote mpaka Kilimambogo, na nchi yote hiyo ikawa, kwa karatasi, yake. Kuelewa hivyo ndiko kuelewa historia ya Kenya.

Karatasi yenyewe ilikuwa sheria. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902 iliwapa walowezi ardhi kwa kukodi miaka 99; ile ya mwaka 1915 ikaongeza mpaka miaka 999. Nilipokuwa Ruiru nilijaribu kuhesabu vizazi vilivyomo katika miaka 999 nikachoka.

KAHAWA NA KIPANDE

Juja ilikuwa nchi ya mifugo na mawindo. Ukipanda kidogo kuelekea Ruiru na Thika mjini, ardhi huwa nyekundu, mito huongezeka, na hapo ndipo kahawa ilipotawala. Sisi wa pwani twaijua kahawa kwa birika la shaba na vikombe visivyo mkono, nayo jina lake ni la Kiarabu na sifa yake ni ya Yemen. Kwa bara, wamisheni Wafaransa ndio walioipanda, Bura ya Taita mwaka 1893, kisha karibu na Nairobi mwishoni mwa karne hiyo. Kutoka hapo ikaenea Kiambu, Ruiru na Thika. Reli ya Nairobi ilipofika Thika mwaka 1913, mji ule mdogo ukawa na njia ya kupeleka mazao yake mpaka Kilindini. Mkonge nao uliingia upande huo, na mkonge una safari yake ya ajabu: uliletwa Pangani mwaka 1893, na katika vichipukizi elfu moja vilivyosafirishwa walisema vilipona 62 tu. Lakini hayo ni ya siku nyingine.

Shamba la kahawa lina mpango wake, na mpango huo ndio kiunga ninachokisema. Nyumba ya bwana huwa juu kwenye mwinuko. Kiwanda huwa chini mtoni, kwa sababu kahawa mbivu yataka maji mengi: humenywa maganda kwa mashine, huchachushwa matangini mpaka utelezi utoke, huoshwa katika mifereji ya saruji, kisha hutandazwa juu ya meza ndefu za waya ikaukie jua. Baina ya mwinuko na mto hukaa kahawa yenyewe, safu kwa safu. Na pembeni, mahali ambapo hapaonekani sana kutoka verandani, huwa laini, yaani safu za vyumba vya wafanyakazi, chumba kimoja kwa jamaa moja, mlango mmoja na dirisha moja, au bila dirisha.

Mzee mmoja nilimkuta Thika, Mkamba, aliyezaliwa katika laini za namna hiyo. Aliniita ndugu, nami nikamwita mzee, tukakaa chini ya mti nje ya duka. Hakunieleza habari ya nyumba ya bwana, kwani hakupata kuingia humo maisha yake yote. Alinieleza habari ya debe. Mamake alichuma kahawa kwa debe, na debe lilipimwa jioni mbele ya karani, na likipungua kidogo tu kwenye mdomo halikuhesabiwa. Alinionyesha kwa viganja vyake lilivyokuwa likijazwa mpaka likafanya kichuguu. Alisema harufu ya maganda yaliyooza mtoni haijamtoka puani mpaka leo, na kwamba akiisikia popote humkumbuka mamake.

Na kipande. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza: kila Mwafrika mwanamume mwenye umri wa kazi alitakiwa achukue karatasi yenye alama za vidole vyake na maandishi ya bwana wake, ndani ya kijisanduku cha bati, na wengi walikivaa shingoni. Mtu aliyetoroka shamba la kahawa la Thika aliweza kushikwa popote nchini. Harry Thuku alipoinuka mwaka 1921, malalamiko yake yalikuwa hayo: kipande, kodi, kupunguzwa mishahara, na wanawake na wasichana kulazimishwa kwenda kufanya kazi mashambani mwa walowezi. Alishikwa mwezi wa Machi mwaka 1922. Watu waliokusanyika Nairobi kumtaka wakapigwa risasi. Na yeye mwenyewe akapelekwa uhamishoni, wapi? Kismayu, pwani yetu hii hii. Wazee wa bara waliijua Kismayu kwa jina lake.

Hayo yote yamo katika kiunga. Hayamo sebuleni. Ndiyo maana nasema anayetaka kuhifadhi nyumba ya bwana peke yake, na kuuza laini na kiwanda na mto, amehifadhi upande mmoja wa kesi na kuutupa wa pili.

MTONI NA MARAHUBI

Hapa msomaji wa pwani hawezi kukaa kando na kutikisa kichwa, kwani sisi tuna nyumba zetu za mashamba, tena hizo ni za karne ya kumi na tisa hasa. Seyyid Said bin Sultan alijenga Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, mnamo miaka ya 1830 mwanzoni. Humo alizaliwa binti yake Salme mwaka 1844, ambaye baadaye aliandika kumbukumbu zake Ujerumani, zikatoka mwaka 1886. Na anayezisoma ataona kwamba kilichomkaa moyoni si kuta bali ua: paa, tausi na mbuni wakitembea humo, maji yakipita, miti, watu mamia. Kidichi kuna hamamu aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Marahubi ilijengwa na Seyyid Barghash katika miaka ya 1880 na ikaungua mwaka 1899.

Tumebaki na nini? Mtoni ziko kuta. Iliwahi kufanywa ghala wakati wa Vita vya Kwanza, ikaungua, na jirani yake yakawekwa matangi ya mafuta. Marahubi ziko nguzo, zimesimama kama watu wanaongojea paa lirudi. Kidichi hamamu iko salama, na mgeni akiletwa hapo huonyeshwa maua ya plasta juu ya ukuta, lakini nyumba iliyokuwa pamoja nayo haipo. Mikarafuu na minazi ya jirani ndiyo inayomsaidia mgeni kufahamu kwamba hapa palikuwa shambani.

Na tuseme kweli, kwani kusema nusu si kusema. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Karafuu za Unguja zilichumwa na watu waliotekwa bara, na huenda baadhi yao walitoka katika nchi hizi hizi ninazozieleza. Hatukuzibomoa kuta za Mtoni kwa sababu hiyo, wala haifai. Tunazitunza, na wanaojua kazi yao huwaeleza wageni yote mawili, uzuri wa hamamu na minyororo. Basi ikiwa sisi twaihifadhi nyumba ya Sultani pamoja na habari ya mtumwa, hatuwezi kumwambia Mkikuyu wa Ruiru kwamba nyumba ya mlowezi ni aibu, na ibomolewe. Wala hatuwezi kumwambia aitunze bila ya habari ya debe.

Nimeona kwa macho yangu jinsi kiunga kinavyoweza kuiokoa nyumba. Gede, karibu na Malindi, haikujulikana na ulimwengu kwa uzuri wa kuta zake tu. Msitu uliofunika mji ule, na ukaachwa kusimama pamoja na magofu, ndio unaomfanya mtu anyamaze akiingia. Mwaka 1927 mahali hapo palianza kulindwa, na mwaka 2024 pakaandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Fikiri Gede ile ile, msikiti na kasri na visima, ikiwa katikati ya viwanja vya kuuza.

SHERIA YASEMAJE

Sheria yetu ya kwanza iliyofuata uhuru kwa mambo haya, ile ya mwaka 1983, iliuweka mwaka 1895 kuwa mpaka. Mwaka huo ndio Waingereza walipotangaza himaya yao na kupatana na Sultani juu ya ukanda wa pwani. Jengo la kabla ya mwaka huo lilikuwa na hadhi ya ukale kwa umri wake. La baada yake lilihitaji kutangazwa na Waziri. Utaona maana yake: takriban kila kilicho cha mawe ya kale pwani kilikuwa ndani ya mpaka, na takriban kila nyumba ya shamba ya bara ilikuwa nje. Sheria iliyopo sasa, ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006, yamruhusu Waziri kutangaza jengo la umri wowote kuwa la kumbukumbu, akiona lina faida ya kihistoria. Tena, na hapa ndipo penye nguvu, yamruhusu kuitaja pamoja nalo ardhi iliyo chini yake na inayopakana nalo, ile inayohitajika kwa kulitunza.

Kwa maneno mengine, kiunga kimo ndani ya sheria. Hakuna haja ya kutunga sheria mpya. Ipo haja ya mtu wa kwenda na ramani, akapima na kusema: kutoka veranda mpaka mto, pamoja na kiwanda, pamoja na safu moja ya laini, pamoja na makaburi.

Mwenye shamba naye ana haki yake, nami sipendi waandishi wanaosahau hilo. Kahawa hailipi kama zamani. Mwaka 1987/88 Kenya ilitoa karibu tani 129,000 za kahawa. Miaka ya karibuni haifikishi nusu ya hapo. Barabara kuu ya Thika ilipanuliwa, ikamalizika mwaka 2012, na tangu hapo ardhi iliyo kandokando yake imekuwa na bei ya dhahabu. Upande wa Ruiru mji mzima mpya, Tatu City, unajengwa juu ya ardhi iliyokuwa ya kahawa. Hata kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko Ruiru, kilichotoa mwaka 1985 ile mbegu mashuhuri iitwayo Ruiru 11 inayostahimili magonjwa, siku hizi kimezungukwa na nyumba ambazo wakaaji wake hununua kahawa ya kopo dukani.

Nilimwuliza kijana mmoja aliyekuwa akijenga kiwanja chake cha hamsini kwa mia, haoni uchungu kwamba miti ya kahawa imeng'olewa? Alinitazama kwa adabu, akanijibu kwamba nyanyake aliichuma kahawa hiyo miaka thelathini na hakupata kumiliki hata mti mmoja, na sasa mjukuu wake ana hati. Sikuwa na la kumjibu, na sidhani lipo. Kwa muda mrefu Mwafrika hakuruhusiwa hata kuipanda kahawa. Ruhusa ilianza kutolewa kwa uchache katika miaka ya 1930, Kisii na Meru. Ardhi ile kugawanywa kwa watu si msiba. Ninachokitaka mimi ni ekari chache kati ya maelfu, zibaki jinsi zilivyokuwa, ili mtoto wa kijana yule apaone mahali nyanya mkuu wake alipopimiwa debe.

Jambo hili lawezekana. Upande wa pili wa Nairobi, chini ya vilima vya Ngong, ipo nyumba ya shamba iliyojengwa mwaka 1912 na ambayo Karen Blixen wa Denmark alikaa mpaka mwaka 1931. Shamba lake la kahawa lilikatwa viwanja zamani, likawa mtaa wa matajiri. Lakini nyumba na uwanja wake viliponea. Serikali ya Denmark ikavitoa zawadi kwa Kenya wakati wa uhuru, na mwaka 1986 pakafunguliwa makumbusho. Nyumba ile iliokolewa na kitabu na filamu, tuseme kweli. Huko pia alikuwako Mwislamu aliyeshika funguo zote, Farah Aden, Msomali, na yeye jina lake latajwa. Nyumba za Thika na Ruiru hazikupata kitabu chenye bahati ya namna hiyo, isipokuwa cha Elspeth Huxley kilichotoka mwaka 1959 juu ya utoto wake Thika, nacho kilifanya mji ule ujulikane London kwa miti yake ya maua mekundu kuliko kwa jambo jingine lolote.

McMillan mwenyewe ukumbusho anao wa kumtosha. Alifariki mwaka 1925 akiwa safarini Ulaya, akarudishwa kuzikwa Kilimambogo, ule mlima ambao ramani huuita Ol Donyo Sabuk. Husimuliwa kwamba alitaka kulala kileleni, na gari lililomchukua likashindwa na mteremko, akazikwa lilipokomea. Mkewe Lucie, aliyefariki mwaka 1957, yuko kando yake, na mtumishi wao Louise Decker yuko hapo, hata mbwa wao yuko hapo, na wote wana mawe yao. Mlima ulifanywa mbuga ya taifa mwaka 1967. Nairobi nako mjane wake alimjengea maktaba, ikafunguliwa mwaka 1931, na ikawekewa sheria yake peke yake ya kuilinda. Kwa miaka mingi Mwafrika na Mhindi hawakuruhusiwa kusoma humo, hata karibu na uhuru, ilipokabidhiwa Baraza la Jiji mwaka 1962.

Wengi wetu tumeipita maktaba hiyo bila ya kujua. Imepakana ukuta kwa ukuta na Msikiti wa Jamia, uliojengwa baina ya mwaka 1925 na 1933. Mtu akitoka kuswali Ijumaa akigeuza uso ataona nguzo za maktaba na simba wake wa mawe. Majengo hayo mawili yaliinuliwa katika miaka ile ile, moja kwa fedha za mjane wa tajiri mmoja, la pili kwa michango ya wafanyabiashara, makarani na wafanya kazi wa reli, na yote mawili yamesimama mpaka leo kwa sababu hakuna aliyethubutu kuyaondolea viwanja vyake.

Mashamba ya Ruiru ni mali ya watu, wala sikuvuka ua wa mtu bila ya idhini. Mengi niliyatazama kutoka barabarani, na mawili nilikaribishwa kwa hisani. Katika yote niliyoyapita niliona utaratibu mmoja. Laini ndizo zinazotangulia kuvunjwa, kwa kuwa ziko karibu na njia na mawe yake yauzika upesi kwa wajenzi. Kiwanda hufuata, chuma chake kikipimwa kwa kilo. Nyumba kubwa huachwa ya mwisho. Hupakwa rangi nyeupe, ikatiwa hema uwanjani, ikakodishwa kwa arusi. Katika shamba moja nilikuta laini tatu zingali zimesimama kati ya kumi na mbili, na fundi aliyekuwa akizibomoa aliniambia atakuwa amemaliza kabla ya mvua za vuli.